Mkimwandika King, msiwaache nje wazoa taka wa Memphis

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo ofisini. Makala yenu ya kumkumbuka Martin Luther King, yule mchungaji Mweusi wa Marekani aliyeongoza watu kupinga ubaguzi wa rangi, nimeisoma yote, nimeisoma tukiwa kwenye foleni ya kumwaga taka na vijana wa kupakia wakaniomba niwasomee kwa sauti, kwa sababu wao Kiswahili wanakisikia vizuri ila kusoma inawapa taabu. Makala ni nzuri, sina ugomvi nayo. Hotuba ya ndoto mmeieleza, ule umati wa Washington mmeueleza, tuzo ya Nobel mmeitaja, halafu mwishoni mkaandika tu kwamba aliuawa kwa risasi Memphis tarehe 4 Aprili 1968, nukta, habari ikaisha. Kijana mmoja akaniuliza, sasa huko Memphis alikuwa amekwenda kufanya nini? Ndo hilo swali limenifanya niandike, maana jibu lake linatugusa sisi watu wa lori kuliko mtu mwingine yeyote hapa Kampala, na magazeti mengi yanalipita, siyo lenu peke yake.

King alikuwa Memphis kwa ajili ya wazoa taka.

Naomba nafasi nieleze vizuri kidogo. Memphis ni mji wa jimbo la Tennessee, na wakati ule wazoa taka wake karibu wote walikuwa Weusi na mabosi wao walikuwa Wazungu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi, unaingia mpaka nyuma ya nyumba ya mtu, unamimina taka zake kwenye beseni kubwa, unajitwika begani au kichwani mpaka kwenye lori, na lile beseni limetoboka, yale maji ya taka yanakuteremkia shingoni na mgongoni. Wazee waliofanya hiyo kazi wamesimulia jinsi walivyokuwa wanavua nguo nje ya mlango kabla ya kuingia kwa watoto wao. Mshahara ulikuwa mdogo mpaka mtu anafanya kazi wiki nzima na bado familia yake inahesabika kwenye watu wa kupewa msaada wa maskini na serikali. Mwisho wa Januari 1968 mvua ikanyesha, wafanyakazi Weusi wa mifereji wakarudishwa nyumbani na malipo ya masaa mawili tu, Wazungu wao wakabaki wakalipwa siku nzima.

Halafu tarehe 1 Februari mvua ikanyesha tena. Wafanyakazi wawili, Echol Cole na Robert Walker, wakajikinga nyuma ndani ya lori la taka lenye mtambo wa kushindilia, mbele kwa dereva nafasi haikutosha. Mtambo ukajiwasha wenyewe. Uliwavuta na kuwabana mpaka wakafa. Mimi hizi lori za kushindilia nimeziendesha, na yeyote aliyewahi kusimama nyuma yake anajua lile bamba la chuma linavyoshuka, halina haraka na halisimami, likikamata kitambaa cha shati inabidi uchane shati hapohapo. Kwa hiyo hiyo sentensi nilipoisoma mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Na lori lile lilikuwa bovu, malalamiko kuhusu malori ya aina ile yalikuwa yameshapelekwa ofisini na hayakusikilizwa. Kila familia ilipewa mshahara wa mwezi mmoja na dola 500 za mazishi. Fidia hakuna, kwa sababu kwenye makaratasi ya mji wale walikuwa vibarua wa kulipwa kwa saa.

Tarehe 12 Februari wazoa taka kama 1,300 hawakwenda kazini. Mtu aliyekuwa anawapanga kwa miaka mingi anaitwa T. O. Jones, alikuwa mzoa taka mwenyewe na alishawahi kufukuzwa kazi kwa sababu ya mambo hayohayo ya chama cha wafanyakazi. Meya wa mji, Henry Loeb, akasema mgomo ni kinyume cha sheria na hazungumzi na mtu mpaka warudi kazini. Basi wakawa wanaandamana kila siku kwa mistari, wamevaa mabango shingoni yameandikwa MIMI NI MWANAMUME. Mzee wa miaka 60 alikuwa anaitwa mtoto na bosi wa miaka 25, ndo maana wakaandika hivo.

Mchungaji mmoja wa pale, James Lawson, ndo akamwita King. Huyu Lawson naye angepaswa kuandikiwa makala yake. Alikubali kufungwa jela kuliko kwenda vitani Korea, akaenda India akaishi Nagpur akasoma njia za Gandhi za kudai haki bila kupigana, akarudi akawafundisha wanafunzi wa Nashville jinsi ya kukaa kwenye viti vya hoteli ambavyo Weusi walikatazwa, wakitemewa mate na kuchomwa sigara bila kurudisha ngumi. Amefariki juzijuzi tu, 2024, akiwa na miaka 95.

Sasa wakati Lawson anapiga simu King alikuwa amechoka na ana kazi nyingine kubwa, alikuwa anapanga kampeni ya kupeleka maskini wa rangi zote Washington wakapige kambi hapo mbele ya serikali. Washauri wake walimwambia asiende Memphis, ataingia kwenye mambo madogo ya mji mmoja. Akaenda. Tarehe 18 Machi 1968 alisimama mbele ya maelfu ya watu pale kwenye kanisa la Mason Temple akawaambia jambo ambalo mimi ningependa liandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya mji huu wetu, kwamba anayezoa taka ana umuhimu sawa na daktari, kwa sababu asipofanya kazi yake magonjwa yatatapakaa kila mahali. Hiyo ni kweli kabisa. Waulize watu wa Namuwongo, Bwaise na Katwe mvua ikinyesha mifereji ikiwa imejaa makaveera, ile mifuko ya plastiki, nini kinafuata hospitalini.

Mhariri, nimeanza na Memphis makusudi, kwa sababu ukianzia hapo unaona hata huko nyuma maisha yake kwa namna nyingine. Watu wanamchukulia kama mtu aliyezaliwa mpole, akaota ndoto, akahutubia, akapewa tuzo. Vijana wa steji huwa naongea nao sana, wanasema King alikuwa mtu wa kanisa tu, upole wake ulifaa Marekani, hapa ukiwa mpole unakanyagwa. Wanaosema hivo hawajaambiwa alivyoanza.

Alizaliwa Atlanta tarehe 15 Januari 1929, baba mchungaji, akaingia chuo cha Morehouse akiwa na miaka 15, mpaka 1955 ana udaktari wa theolojia kutoka Boston. Desemba hiyohiyo 1955 mama Mweusi Rosa Parks akakamatwa Montgomery, mji wa jimbo la Alabama, kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi, na wakati King anachaguliwa kuongoza mgomo wa mabasi alikuwa na miaka 26, mgeni mjini, hata hajawahi kuongoza jambo kama hilo. Karatasi za kuwaita watu wasipande mabasi zilikuwa zimeshachapwa kwa maelfu usiku mmoja na mwalimu wa chuo, mama Jo Ann Robinson, na wenzake, kwa hiyo wanawake ndo waliowasha moto King akaukuta unawaka. Na nyumbani kwake King alikuwa na bunduki! Aliomba hata kibali cha kutembea na silaha, polisi wakamnyima. Tarehe 30 Januari 1956 bomu likarushwa kwenye baraza ya nyumba yake, mkewe Coretta na mtoto mchanga wako ndani, watu wakajaa nje na silaha zao wanataka kulipiza, yeye akasimama kwenye baraza hiyohiyo iliyovunjika akawaambia rudini nyumbani, wekeni silaha. Baadaye Bayard Rustin na wengine waliokuwa wamesoma njia za Gandhi wakakaa naye wakazungumza sana, mpaka bunduki zikaondoka ndani ya nyumba. Yaani alijifunza, tena akiwa tayari yumo ndani ya hatari, na kama yeye alijifunza basi hata hawa vijana wa steji wanaweza.

Halafu kuna hili la magari, na hapa mniwie radhi nitakaa kidogo kwa sababu mimi ni dereva. Mgomo ule ulidumu siku 381. Maelfu ya watu kila siku wanatakiwa wafike kazini bila basi. Kwanza teksi za Weusi zilikuwa zinawabeba kwa senti 10, sawa na nauli ya basi, mji ukakataza, ukasema lazima walipishe bei ya chini iliyowekwa na sheria. Basi wakatengeneza mpango wao, magari kama 300 ya watu binafsi na ya makanisa, kuna steji za asubuhi na steji za jioni, kuna wa kupanga njia, kuna wa kutafuta pesa ya petroli. Polisi wakaanza kuandika faini kwa kila kosa dogo, King mwenyewe alikamatwa akawekwa ndani kidogo kwa kuendesha maili 30 kwa saa kwenye sehemu ya maili 25. Mabosi wakaenda kwenye bima, bima za magari ya makanisa zikafutwa, Weusi wakaenda kutafuta bima mpaka London wakaipata. Nani hapa Kampala anayejua biashara ya teksi hashangai akisikia hivo? Hiyo ni kazi ya ofisi, ya daftari, ya kuamka saa kumi alfajiri, na wengine walitembea kwa miguu maili nyingi. Novemba 1956 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema ubaguzi kwenye mabasi yale ni kinyume cha katiba, na mgomo ukaisha tarehe 20 Desemba. Kesi yenyewe walalamikaji walikuwa wanawake, mmoja wao Claudette Colvin, msichana aliyekataa kusimama kwenye basi miezi tisa kabla ya Rosa Parks akiwa na miaka 15.

Kwa hiyo mtu akiniambia njia ya amani ni ya watu waoga huwa namuuliza, wewe unaweza kupanga magari 300 kwa mwaka mzima bila watu kugombana pesa ya petroli?

Na Birmingham, mji mwingine wa Alabama, 1963 vilevile. Mnaandika mbwa wa polisi na mipira ya maji ya zimamoto waliyopigwa waandamanaji, ni sawa, lakini kilichowauma matajiri wa mji ule ni kwamba Weusi waliacha kununua kwenye maduka ya katikati ya mji wakati wa Pasaka. Watoto wa shule walijaa jela mpaka jela zikakosa nafasi. King akiwa ndani ndo aliandika ile barua yake maarufu, aliianza kwenye kingo tupu za gazeti kwa sababu karatasi hakuwa nayo, anawajibu viongozi wa dini Wazungu waliomwambia asubiri. Na yale maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963, watu kama 250,000, jina lake kamili lilikuwa la kazi na uhuru, kazi ndo imetangulia. Walitaka mshahara wa chini upande kitaifa. Kwenye makala yenu na nyingine nyingi ile sehemu ya kazi inaanguka njiani inabaki ndoto peke yake, na mimi naamini hapo ndo tunapompoteza.

Mwingine atasema, mzee wa lori, hii ni habari ya Marekani, hapa hatuna Wazungu wa kutubagua. Lakini King mwenyewe hakuona kwamba sisi tuko mbali. Machi 1957 alikwenda Accra kwa mwaliko wa Nkrumah, kiongozi wa Ghana, akaona bendera ya Waingereza ikishuka usiku ule Ghana inapata uhuru, na amesimulia kwamba alilia. Tom Mboya wa Kenya alimtembelea Atlanta 1959, na King na watu wake wakasaidia masomo ya mwanafunzi kutoka Kenya. Walikuwa wanatuangalia na sisi tunawaangalia.

Na kuna jambo moja ambalo Waganda wengi hawalijui na mimi nikilisema watu wanabisha. Pale kwenye kanisa la Westminster Abbey mjini London, juu ya mlango mkubwa wa magharibi, kuna sanamu kumi za mashahidi wa imani wa karne ya 20, ziliwekwa 1998. Moja ni ya Martin Luther King. Nyingine kwenye ukuta huohuo ni ya Askofu Mkuu wetu Janani Luwum, mtoto wa Mucwini, Kitgum. Wako pamoja. Luwum naye alifanya nini? Februari 1977 askari walivamia nyumba yake usiku wakidai wanatafuta silaha, hawakupata, na yeye na maaskofu wenzake wakakaa wakaandika barua kwa Idi Amin, rais wa wakati ule, kulalamikia mauaji na uvamizi, wakaisaini kwa majina yao. Wakati ule! Tarehe 16 Februari akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, serikali ikasema ni ajali ya gari. Tangu 2015 tunapumzika tarehe 16 Februari, na siku hiyo watu wengi wanafua nguo, wanalala, wanaangalia mpira, mimi mwenyewe kama lori halitoki napumzika pia na sioni ubaya. Ila mtoto wa shule ukimuuliza Luwum aliandika nini kwa Amin, hajui. Anajua tu kwamba alikufa. Ni ugonjwa uleule wa King, tunaweka tarehe ya kifo tunaacha kazi aliyokuwa anaifanya.

Sasa nirudi kwenye taka, maana huko ndo nilikotaka kufika.

Tarehe 10 Agosti 2024, siku ya Jumamosi, mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka baada ya mvua kubwa ukafunika nyumba na watu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Kiteezi ilifunguliwa 1996 na ilikuwa imeshajaa miaka mingi kabla, kila dereva wa taka alijua, ukipanda kule juu na lori ulikuwa unasikia ardhi inalegea chini ya tairi kama unaendesha juu ya godoro. Waokota chupa na plastiki walikuwa pale kila siku, wengi wao kina mama, wamebeba watoto mgongoni. Magazeti yakaandika wiki mbili, tatu, wakubwa wakasemana, halafu ikatulia. Siandiki kumlaumu mtu, hayo yako kwa wenye mamlaka. Nauliza tu, hao wanaobeba taka za mji huu leo, baada ya Kiteezi, nani amewauliza hali zao?

Nitawaambia ninachokiona kwenye lori langu. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Vijana wanapanda nyuma juu ya taka, kwa sababu hakuna pengine pa kukaa, mvua ikinyesha wanajifunika turubai lilelile linalofunika taka. Glavu wakati mwingine zipo, wakati mwingine kijana mmoja anavaa ya kulia mwenzake anavaa ya kushoto. Gambuti wananunua wenyewe mitumba. Mwezi uliopita kijana alinyanyua gunia kwenye geti moja zuri sana, geti la watu wenye uwezo, ndani ya gunia kulikuwa na chupa imevunjwa pamoja na sindano, zote zimetupwa tu hivohivo pamoja na maganda ya matoke, chupa ikamchana kiganja kuanzia kidole gumba mpaka kwenye mkono. Tukamfunga na kitambaa cha kufutia kioo cha lori. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama getini, akasema aangalie asidondoshe damu kwenye sementi. Kijana akasema samahani nyabo, yaani samahani mama. Alikwenda kliniki kwa pesa yake, siku tatu hakufanya kazi, siku tatu hakulipwa, maana ni kibarua wa siku. Ile habari ya kibarua wa saa kule Memphis mnaikumbuka.

Na jina hana. Ana jina, mama yake alimpa, lakini mtaani anaitwa kasasiro, yaani taka. Kasasiro njoo, kasasiro umechelewa. Mtu mzima ana mke na watoto.

Kwa hiyo msiniambie hii ni habari ya Marekani.

Wale wa Memphis walishinda, na hili pia makala yenu haikusema. Haikuwa rahisi. Tarehe 28 Machi King aliongoza maandamano, vijana nyuma wakaanza kuvunja vioo vya maduka, polisi wakaingia na virungu na gesi, na kijana wa miaka 16, Larry Payne, akapigwa risasi na polisi akafa. King aliumia sana. Magazeti yakamcheka, yakasema hawezi hata kuongoza maandamano ya amani tena. Msisahau kwamba mwaka 1966 kura ya maoni ya Gallup ilionyesha Wamarekani 63 katika kila 100 hawampendi, na FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walikuwa wanasikiliza simu zake na walishamtumia barua ya kumtaka ajiue. Huyu mtu anayesifiwa na kila mtu leo alikufa akiwa hapendwi na wengi. Angeweza kubaki Atlanta. Akarudi Memphis tarehe 3 Aprili kuonyesha kwamba inawezekana kuandamana bila kuvunja kitu, usiku huo kuna dhoruba na radi, anaumwa, hakutaka hata kwenda kuhutubia, wakampigia simu kwamba watu wamejaa Mason Temple wanamsubiri yeye, akaenda. Akawaambia kwamba yeye huenda asifike nao lakini wao watafika. Kesho yake jioni, saa kumi na mbili na dakika moja, akiwa amesimama kwenye baraza ya moteli ya Lorraine, akapigwa risasi. Miaka 39 tu. Aliyekiri mahakamani, James Earl Ray, alihukumiwa kifungo cha miaka 99.

Miji zaidi ya 100 Marekani iliwaka moto wiki ile. Lakini Memphis tarehe 8 Aprili, kabla hata hajazikwa, Coretta alikwenda na watoto akaongoza maelfu na maelfu ya watu kutembea kimya katikati ya mji, hakuna kioo kilichovunjwa, ndo yale maandamano mume wake aliyotaka kuyafanya. Tarehe 16 Aprili mji ukakubali, chama cha wafanyakazi kikatambuliwa na mshahara ukapanda. Mimi nikiulizwa King ameacha nini, sheria ya haki za kiraia ya 1964 nitaitaja, na ya 1965 ya kupiga kura nitaitaja, na sikukuu yao ya Januari ya kumkumbuka nitaitaja, lakini kwanza nitataja mkataba wa wazoa taka wa Memphis, kwa sababu ndo kitu cha mwisho alichokifanyia kazi na watu waliokipata walikuwa kama vijana wangu.

Sisi hatuombi mgomo, Mhariri, na sitaki mtu asome hii barua akasema dereva fulani anachochea. Mji huu siku tatu bila lori unanuka mpaka Kololo kwa matajiri, hilo tunalijua na halitufurahishi. Tunachoomba ni kidogo. Wasomaji wenu wenye mageti, chupa zilizovunjika na sindano mziweke peke yake kwenye kopo au chupa ya plastiki iliyofungwa, msizichanganye na maganda. Malipo ya taka ya mwezi yalipwe mwezi uleule, kwa sababu mkichelewesha bosi anakata kwa vijana. Wenye kampuni, glavu pea nzima kwa kila mtu, gambuti, na kijana akiumia kazini siku zake zilipwe. Na mkimkuta amesimama getini kwenu mwulizeni jina.

Kwa gazeti lenu naomba jambo moja zaidi. Mwaka huu mlileta mpiga picha kwenye mikutano ya wakubwa mara nyingi, nimeona. Mleteni siku moja saa kumi na moja alfajiri apande nasi, aongee na vijana, wengine wanaongea Kiswahili safi kuliko mimi, kuna mmoja wa Busia na mwingine wa Koboko. Waandike habari zao kwenye ukurasa wa mbele hata mara moja. Mkifika Aprili ijayo mtakapokuwa mnaandika tena juu ya King mtakuwa na kitu cha kuweka pembeni yake.

Barua imekuwa ndefu najua, na nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji ni ndogo. Mkihitaji kukata, kateni sehemu ya magari ya Montgomery ingawa itaniuma, kateni hata habari ya kijana wangu aliyechanwa mkono, ila pale kwenye Echol Cole na Robert Walker naomba msiguse, majina yatoke yote mawili kama yalivyo.

Wenu,
Dereva wa lori la taka
Kireka, Kampala